Kumlinge na kanisa lake la mawe: maswali mnayoniuliza sana

Kila majira ya joto yakikaribia, watu wetu walioko Turku, Stockholm na hata Helsinki wanaanza kuniuliza twende wapi mwaka huu, na jibu langu halibadiliki, nendeni Kumlinge. Basi hapo ndo maswali yanamiminika. Nimeyakusanya hapa na majibu yake, mengine marefu mengine mafupi, ila sehemu ya kanisa, lile la Mtakatifu Anna, nimeiandika kwa kirefu makusudi kwa sababu ndo moyo wa kisiwa chenyewe.

Kumlinge iko wapi hasa?

Iko katikati ya Bahari ya Baltiki, kwenye visiwa vya Åland, kati ya Sweden na Finland. Ukichukua ramani, tafuta Turku upande wa Finland halafu Stockholm upande wa Sweden, hapo katikati utaona kama mtu kamwaga punje za mchele baharini, ndo visiwa hivyo. Åland nzima ina visiwa zaidi ya 6,000, vinavyokaliwa na watu ni sitini na kitu tu, na kwa pamoja watu wake ni kama 30,000. Kumlinge iko upande wa mashariki, nje kabisa ya kisiwa kikubwa cha Åland, na ni halmashauri yenye visiwa kadhaa ndani yake: Kumlinge yenyewe, Enklinge, Seglinge na vingine vidogo vidogo. Wakazi ni kama 300. Ndiyo, mia tatu, sijakosea kuandika.

Watu 300 wana halmashauri yao? Kweli?

Kweli kabisa. Wana baraza la halmashauri linalochaguliwa, wana shule, wana duka. Åland ina halmashauri 16 na Kumlinge wala siyo ndogo kuliko zote, majirani zao Sottunga wako kama 100 tu na ndo halmashauri yenye watu wachache kuliko zote Finland. Kulikuwa na mpango wa serikali ya Åland wa kuziunganisha hizi halmashauri zibaki chache, watu wa visiwani wakapinga sana na baada ya uchaguzi wa 2019 mpango ukaachwa. Mi binafsi nawaelewa. Ukikaa kisiwani na maamuzi ya shule ya mtoto wako yanafanywa na mtu aliye masaa mawili ya feri toka kwako, hiyo shule siku yoyote inafungwa.

Mbona wanaongea Kiswidi na wako Finland?

Hili naulizwa kuliko yote. Finland na Sweden zilikuwa ufalme mmoja kwa mamia ya miaka, mpaka 1809 Sweden iliposhindwa vita na Urusi ikaiachia Finland yote, na Åland ikabebwa humo humo. Watu wa Åland walikuwa wakiongea Kiswidi tangu zamani, na wakaendelea. Mwaka 1917, Finland ilipokuwa inaelekea kupata uhuru, Waåland wakasema sisi tunataka kurudi Sweden, wakafanya mkutano wao Agosti mwaka huo huo, wakakusanya saini, viongozi wao wakubwa walikuwa Julius Sundblom na Carl Björkman, na Finland ikakataa. Kesi ikaenda mpaka Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, na mwezi Juni 1921 ikaamuliwa kwamba visiwa vinabaki Finland ila Finland lazima ilinde lugha ya Kiswidi, utamaduni na mila za wenyeji. Mpaka leo lugha rasmi Åland ni Kiswidi peke yake. Kwa hiyo Kumlinge ukisalimia kwa Kifini utajibiwa kwa heshima, lakini ukisalimia "hej" utaona uso unafunguka.

Kwa hiyo ni kama Zanzibar na Bara?

Watu wa Unguja na Pemba wananiuliza hivi kila mara. Kuna kinachofanana, kuna kisichofanana. Åland ina bunge lake lenye wabunge 30, serikali yake, bendera yake tangu 1954, stempu zake tangu 1984, inatunga sheria zake za elimu, afya, utamaduni, polisi. Ila haina rais wake, rais ni yule yule wa Finland, na mambo ya nje, mahakama na kodi nyingi za taifa viko Helsinki, ambako Åland inapeleka mbunge mmoja. Tofauti kubwa zaidi ni jeshi: Åland hairuhusiwi kuwa na majeshi wala ngome tangu mkataba wa Paris wa 1856 baada ya vita ya Krimea, na vijana wenyeji hawalazimishwi kwenda jeshini kama vijana wengine wa Finland.

Haya, tuje kwenye kanisa. Lina nini cha ajabu?

Kwa nje, hamna kitu. Nasema mapema ili mtu asifike pale akakata tamaa kabla hajafungua mlango. Utaona jengo dogo la mawe, kuta nene, paa lenye mwinuko mkali, limekaa limetulia kwenye nyasi na makaburi yamelizunguka. Ukipita haraka na baiskeli unaweza ukalipita kabisa.

Sasa ingia ndani. Kuta zote na dari la matao limejaa michoro. Siyo picha moja ukutani, siyo pambo juu ya madhabahu, ni jengo zima toka chini ya dirisha mpaka kileleni kwenye tao, majani yanatambaa, mizabibu inajipinda, maua, na katikati ya hayo majani wanatokea watu: Maria, Kristo, watakatifu, habari za maisha yao. Rangi ni za udongo zaidi, nyekundu ya kutu, kijivu, kijani kilichofifia, juu ya chokaa nyeupe. Michoro hii ni ya karibu na mwaka 1500. Yaani wakati Vasco da Gama anapita Malindi, huku kaskazini mtu alikuwa kwenye jukwaa la mbao kisiwani Kumlinge ana brashi mkononi anachora jani la mzabibu, kisiwa ambacho mzabibu hata hauoti.

Huwa nawaambia watu wakae kwenye benchi kwanza, wasitoe simu. Mwanzoni jicho linaona fujo tu, halafu taratibu linaanza kutenganisha, hiki kiti cha enzi, huyu kabeba mtoto, huyu kashika kitabu. Kumbuka wengi waliokuwa wakikaa pale zamani hawakujua kusoma na misa ilikuwa kwa Kilatini, kwa hiyo ukuta ndo ulikuwa unawahubiria. Na wakati wa baridi, ambapo nje ni nyeupe na kijivu miezi mitano, humu ndani mtu alikuwa anakaa kwenye bustani. Mi naamini yule mchoraji alijua hilo vizuri sana.

Nani alichora?

Jina lake halikuandikwa. Wataalamu wanaihusisha kazi hii na Wafransiskani, wale Ndugu Wadogo wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambao walikuwa na konventi, yaani nyumba ya watawa, kwenye kisiwa cha Kökar, kusini zaidi kwenye visiwa hivi hivi, sehemu inayoitwa Hamnö. Finland nzima zama za kati ilikuwa na nyumba tatu tu za Wafransiskani: Viborg, Raumo na hapo Kökar. Fikiria, kati ya sehemu zote wakachagua mwamba mtupu uliozungukwa na bahari ya wazi. Walijua wanachofanya, maana Kökar ilikuwa kwenye njia ya meli toka zamani, imo hata kwenye orodha ya vituo vya safari ya baharini ya Wadenmark ya karne ya 13 inayotoka kusini mwa Sweden kwenda Tallinn. Mabaharia walipata bandari, dawa na misa, na ndugu wakapata wa kuwahubiria.

Ukiwa na muda nenda na Kökar, magofu ya konventi bado yapo na kanisa la sasa pale limejengwa 1784, na lenyewe linaitwa kwa jina la Mtakatifu Anna kama la Kumlinge.

Kwa nini Mtakatifu Anna?

Wakatoliki mnamjua, ni mama yake Bikira Maria, sikukuu yake pamoja na Yoakim ni 26 Julai. Miaka ya mwisho ya karne ya 15 alikuwa anapendwa kupita kiasi Ulaya ya kaskazini, na aliyeiweka sikukuu yake kwenye kalenda ya Kanisa la Roma, mwaka 1481, ni Papa Sixtus IV ambaye mwenyewe alikuwa Mfransiskani. Kwa hiyo ukikuta kanisa la wakati huo lenye jina la Anna na kuna Wafransiskani jirani, unaona uzi unaunganika. Halafu kingine, alihesabiwa kuwa mwombezi wa mabaharia, na wa akina mama na wajane. Sasa kisiwani wanaume wote wako baharini na wanawake wote wako nchi kavu wanasubiri, wangemwomba nani tena?

Lakini hawa si Walutheri? Mbona michoro haikufutwa?

Ni Walutheri, ndiyo. Mfalme Gustav Vasa aliachana na Roma, bunge la Västerås la 1527 likampa mali za Kanisa, konventi zikafungwa moja moja na Kökar nayo ikaisha katika karne hiyo hiyo. Ila Ulutheri wa kaskazini haukuwa wa kuvunja vunja. Sehemu nyingine za Ulaya watu waliingia makanisani na nyundo, huku wengi waliacha tu sanamu zikae na michoro ikae, baadaye karne za mbele makanisa mengi yakapakwa chokaa kwa kutaka mwanga na usafi, na chokaa yenyewe mara nyingine ikaja kuwa kinga, maana ukiikwangua kwa uangalifu picha iko chini yake. Leo Kumlinge ni usharika mmoja na jirani zao Brändö, chini ya dayosisi ya Borgå, ambayo ilianzishwa 1923 kwa ajili ya sharika za Kiswidi za Finland yote. Ukiwa wa KKKT utafuata ibada bila shida hata kama Kiswidi hujui, mpangilio ni ule ule, unajua lini kusimama na lini kukaa.

Tunajuaje umri wa haya makanisa kama hamna aliyeandika tarehe?

Swali zuri na jibu lake napenda kulieleza. Åland ndo mahali ambapo njia moja ya kisayansi ilikuzwa sana, kuanzia miaka ya 1990, na mwanahistoria wa sanaa Åsa Ringbom wa chuo cha Åbo Akademi ndo alikuwa mbele kwenye hiyo kazi. Yaani wanapima umri wa chokaa yenyewe iliyoshika mawe. Ukichoma mawe ya chokaa hewa ya ukaa inatoka, ukichanganya ile chokaa na maji na mchanga ukajengea, wakati inakauka inanyonya tena hewa ya ukaa kutoka hewani, na hiyo hewa ina kaboni ya mwaka ule ule fundi anajenga. Basi kaboni inafungwa ukutani. Miaka mia saba baadaye unachukua kipande kidogo, maabara wanahesabu kaboni, wanajua ukuta ulikauka lini. Siyo rahisi hivyo kila mara, chokaa isiyoiva vizuri inadanganya, ndo maana walichukua miaka mingi kupima na kulinganisha.

Kabla ya hapo kulikuwa na ugomvi mkubwa, wengine wakidai makanisa ya mawe ya Åland ni ya karne ya 12 na hata zaidi. Vipimo vikaonyesha kwamba ya mwanzo ni ya mwisho wa karne ya 13, na lile la Jomala, la Mtakatifu Olavi, ndo linatajwa kuwa kanisa la mawe kongwe kuliko yote yaliyosimama Finland. La Kumlinge ni la baadaye kuliko hayo ya kisiwa kikubwa, ni la mwisho mwisho wa zama za kati.

Kisiwa kidogo hivi walipata wapi hela na mafundi wa kazi kama hii?

Hapa ndo nataka msome vizuri, kwa sababu nadhani ndo kitu ambacho wageni wengi wanakosea. Wanafika wanasema lo, mwisho wa dunia huku, ilikuwaje wakajenga kanisa la hivi. Sa hivi ndo ni mwisho wa dunia, kwa sababu sa hivi tunahesabu kwa lami na ndege. Zamani bahari ndo ilikuwa barabara, na Kumlinge ilikuwa katikati ya barabara.

Meli zinazotoka Stockholm kwenda Turku, Tallinn na kwingine zilipita humu humu kati ya visiwa maana ni salama kuliko bahari ya wazi. Wenyeji wenyewe walikuwa wakulima, wavuvi na mabaharia kwa pamoja, wanavua dagaa wa Baltiki wanaoitwa strömming, wanawinda sili na ndege wa bahari, wanafuga ng'ombe wachache, halafu wanapakia samaki na kuni kwenye mashua zao wanapeleka kuuza Stockholm wenyewe. Watu hawa walikuwa wanajua mji mkuu kuliko wakulima wengi wa bara ambao hawakuwahi kutoka kijijini kwao. Walikuwa wanaona makanisa ya mjini, wanasikia habari, wanajua mchoraji mzuri ni yupi. Hela ya samaki iligeuka kuwa ukuta.

Na barabara ikaja kuwa rasmi kabisa mwaka 1638, Sweden ilipoanzisha njia ya posta ya Stockholm mpaka Turku: Grisslehamn, Eckerö, kuvuka Åland mpaka Vårdö, halafu Kumlinge, Brändö, kisha bara ya Finland. Wakulima wa njiani ndo waliopewa kazi ya kubeba mikoba ya barua, kwa mashua za makasia, na kwa malipo yao wakasamehewa uaskari. Wakati wa kiangazi siyo kazi mbaya. Wakati wa baridi bahari ikiwa nusu barafu nusu maji, huwezi kupiga kasia wala huwezi kutembea, wanaburuta mashua juu ya barafu, ikipasuka wanarukia ndani, wanapiga kasia, wanaiburuta tena. Wengi walikufa hivyo. Mpaka leo kila Juni watu wanavuka kati ya Grisslehamn na Eckerö kwa mashua za zamani kuwakumbuka.

Nikiona yale majani ya mzabibu ndani ya kanisa huwa nafikiria hao watu. Siyo watu waliosahauliwa na dunia. Barua za wafalme zilipita mikononi mwao.

Nimesikia kuna vita ilipiganwa Kumlinge, ni kweli?

Ndiyo, Mei 1808. Warusi walikuwa wameingia Finland Februari mwaka huo na wakafika Åland. Wakawaamuru wakulima wakusanye mashua zao zote haraka kwa ajili ya jeshi, na kwa mtu wa kisiwani kumnyang'anya mashua ni kumnyang'anya maisha, tena ndo msimu wa kupanda na kuvua unaanza. Wakagoma. Ofisa mmoja wa serikali za mitaa anaitwa Erik Arén na mchungaji msaidizi wa Finström, Henrik Johan Gummerus, wakawaongoza wakulima, wakawateka Warusi wa kisiwa kikubwa kituo kwa kituo, halafu wakaja mpaka Kumlinge ambako kulikuwa na kikosi kikubwa chini ya Kanali Vuich. Wakisaidiwa na Waswidi wa baharini wakapigana, na Vuich akasalimu amri.

Ushindi haukudumu, mwaka uliofuata Sweden ikapoteza kila kitu. Ila Waåland wanaikumbuka ile Mei vizuri sana, ukienda usishangae watu wakikusimulia kana kwamba babu zao wa juzi walikuwepo.

Na karne moja nyuma yake kulikuwa na kipindi kibaya zaidi, 1714 mpaka 1721, majeshi ya Urusi yalipoikalia Åland na karibu watu wote wakakimbilia Sweden na mashua zao. Visiwa vikabaki vitupu. Waliporudi wakaanza upya.

Ni kweli kisiwa kinakua?

Kweli. Zama za barafu hii sehemu ilikandamizwa na barafu yenye unene wa kilomita kadhaa, barafu ikayeyuka, na ardhi mpaka leo bado inajiinua taratibu, Åland ni kama milimita tano kila mwaka. Inaonekana kidogo lakini piga hesabu, nusu mita kwa karne, tangu kanisa lichorwe ni kama mita mbili na nusu. Mahali palipokuwa pa kuegesha mashua sasa ni majani ya kulisha kondoo. Ukisoma kwamba makanisa ya visiwani yalikuwa karibu na maji halafu ukifika unaona maji yako mbali kidogo, ndo sababu.

Nafikaje?

Kuna njia kuu mbili.

Kama uko Sweden au unapitia Mariehamn, mji mkuu wa Åland: panda meli kubwa za Stockholm au Turku zinazosimama Mariehamn au Långnäs, au ile ya Grisslehamn kwenda Eckerö. Kisha kwa gari, basi au baiskeli mpaka Hummelvik, kisiwa cha Vårdö, hapo unapanda feri ya mstari wa kaskazini inayopita Enklinge, Kumlinge, Lappo mpaka Torsholma. Kufika Kumlinge ni kama saa moja na kitu, na ni moja ya safari nzuri za feri ninazozijua, kaa nje juu hata kama kuna upepo.

Kama uko Turku: endesha mpaka Kustavi, feri ya Osnäs kwenda Åva, hapo uko Brändö, unaendesha tena kuvuka visiwa vilivyounganishwa mpaka Torsholma, na feri ile ile ila unaipanda kwa upande wa pili.

Ukiwa na gari fanya bukingi mapema, Julai nafasi zinaisha. Ratiba angalia kwenye tovuti ya Ålandstrafiken, na uiangalie tena siku moja kabla maana ya kiangazi na ya baridi ni tofauti kabisa. Ukikosa feri ya jioni hamna bodaboda ya kukuokoa, unalala.

Viza?

Åland ni Finland, kwa hiyo ni Schengen. Mwenye kibali cha kuishi Sweden au Finland hana neno, beba kitambulisho na kibali chako. Anayetoka Tanzania, Kenya, Kongo au Uganda anahitaji viza ya Schengen kama ya Finland yoyote ile. Kitu kimoja, Åland iko ndani ya Umoja wa Ulaya ila nje ya eneo la kodi ya VAT, ndo maana kwenye meli vitu vinauzwa bila kodi, na ndo maana kuna kiwango cha pombe na sigara unachoruhusiwa kushuka nacho.

Kuna hatari yoyote?

Kupe. Nalisema kwa uzito. Visiwa hivi vina kupe wengi, na kuna ugonjwa wa virusi unaoshambulia ubongo, TBE, ambao Finland kwa miaka mingi uliitwa ugonjwa wa Kumlinge, kwa sababu kirusi chake kilipatikana kwenye kupe wa kisiwa hiki hiki mwishoni mwa miaka ya 1950. Chanjo ipo, wakazi wa Åland wanapewa bure tangu 2006. Mgeni wa siku moja anayekaa barabarani na kanisani asiogope sana, ila anayepiga kambi au kutembea na watoto kwenye nyasi azungumze na daktari miezi kadhaa kabla, maana sindano za mwanzo ni mbili na zinapishana. Vaa suruali ndefu, ingiza ndani ya soksi, na jioni mkaguane mwili mzima, nyuma ya magoti, kwapani, kichwani kwa watoto. Kuna na borelia pia, hiyo haina chanjo ila inatibika kwa antibaotiki, ukiona duara jekundu linapanuka kwenye ngozi usisubiri.

Niende mwezi gani?

Juni katikati mpaka Agosti katikati. Makanisa mengi ya Åland yanafunguliwa kwa wageni msimu huo tu, nje ya hapo itabidi uwasiliane na ofisi ya usharika uombe. Juni mchana unakaribia masaa 19, usiku hauwi mweusi kabisa. Sikukuu ya katikati ya kiangazi utaona nguzo ndefu zimepambwa kwa majani na karatasi za rangi, za Åland zina vitambaa na vikorombwezo kama mlingoti wa meli, na haziondolewi, zinasimama mpaka mwaka mwingine. Desemba mchana ni masaa sita. Uzuri upo na huo, lakini siyo kwa mtu anayekuja mara ya kwanza.

Nikishaona kanisa nifanye nini tena?

Nenda Enklinge kwenye makumbusho ya Hermas, ni boma zima la wakulima wa visiwani, nyumba, ghala, zizi, vilivyoachwa kama vilivyokuwa. Nenda Seglinge kwa feri ndogo inayojivuta kwa kamba ya chuma, kuna safu za vibanda vya mashua vya mbao kandokando ya maji, chukua muda wako pale. Baiskeli inatosha kisiwa chote.

Chakula?

Samaki kwanza, strömming wa kukaanga, sangara wa kule wa maji baridi, wa moshi ndo watamu zaidi. Mkate mweusi wa Åland ni mzito na una utamu, unaliwa na siagi. Na lazima ule chapati nene ya kuoka ya Åland, wanapika uji wa mchele au semolina, wanachanganya na mayai na maziwa, wanatia iliki, wanaoka kwenye oveni, wanakata vipande vya mraba na kuweka rojo la plamu kavu na krimu juu. Iliki, ndiyo. Mtu wa pwani akionja tu anaitambua.

Naweza kununua kiwanja huko nihamie?

Kuhamia unaweza, halmashauri ndogo zinatafuta sana familia zenye watoto. Kununua ardhi ni habari nyingine. Åland ina haki ya ukaazi, inaitwa hembygdsrätt, na bila hiyo huruhusiwi kumiliki ardhi hivi hivi, wala kupiga kura ya bunge la Åland, wala kuligombea. Unaipata kwa kuzaliwa kama mzazi anayo, au uwe raia wa Finland, umeishi Åland miaka mitano mfululizo na unajua Kiswidi vya kutosha. Wengine wanaona ni ubaguzi. Mi naona bila hiyo sheria, nyumba zote nzuri za ufukweni zingekuwa za matajiri wa mijini wanaokuja wiki tatu kwa mwaka, na shule ya Kumlinge ingeshafungwa siku nyingi.

Tunaweza kwenda kama kundi, kwaya ya usharika wetu, tukaimba humo ndani?

Ombeni kwa ofisi ya usharika wa Brändö-Kumlinge mapema, andikeni kwa Kiswidi kama mna mtu wa kuwasaidia, waambieni mko wangapi na mnakuja na feri ipi. Viti siyo vingi. Ngoma kubwa acheni nyumbani kwa ajili ya ile michoro, chokaa ya miaka 500 haipendi mtikisiko, na msiegemee kuta wala kugusa rangi kwa vidole hata kidogo. Sauti tupu zinatosha kabisa, matao yale yanazibeba vizuri, na nina hakika wenyeji watakuja kusikiliza.